Azimio Langu la Kazi

Jumatatu, 2 Juni

Nimeripoti. Suti ya kijivu, ile ya mikutano ya mwaka. Mlinzi wa geti akanipigia saluti akidhani ni mgeni wa mkuu wa shule. Sikumsahihisha.

Niandike hapa, maana hakuna pengine ninapoweza kusema. Mimi, meneja wa tawi la bima kwa miaka kumi na tisa, sasa ni mwalimu wa majaribio. Tawi lilifungwa. Barua ilikuwa na mistari miwili, na wa pili ulikuwa wa kunitakia afya njema. Mtu wa miaka arobaini na nane haajiriwi na yeyote kuwa meneja. Ila imefunguliwa njia hii mpya ya leseni ya ualimu, kwa wenye shahada waliotoka kazi nyingine. Wiki mbili darasani chini ya mwalimu mlezi, faili la nyaraka, somo moja mbele ya mkaguzi, basi, leseni mkononi. Wenzetu wanaisotea miaka miwili chuoni! Lakini ukianguka hurudii. Unakwenda chuo hichohicho, dawati moja na vijana ambao ndevu hazijaota.

Hilo halitatokea. Mkufunzi wa hisabati wa chuo hicho ni mke wangu.

Mke wangu hajui lolote. Nimemwambia nimeitwa kuishauri bodi ya shule. Miaka yote nimekuwa nikisema mezani, mbele ya wageni, kwamba ualimu ni kazi ya waliokosa kazi. Yeye hutabasamu na kuendelea kusahihisha madaftari. Sasa nitaiweka leseni mezani, imepatikana kwa wiki mbili, nione atatabasamu vipi. Nataka aniangalie kama alivyoniangalia nilipokuwa na ofisi. Siku hizi ananiangalia kama mtu anayeugua na hajaambiwa.

Chumba cha walimu wanatuita mitumba. Nimesikia kwa masikio yangu: mitumba imeshushwa, mmoja mkubwa, mmoja saizi ya kati. Mkubwa ni mimi. Saizi ya kati ni dereva wangu.

Ndiyo, dereva wangu! Miaka minane amenifungulia mlango wa gari la ofisi, leo amepewa kiti cha mbao sawa na changu, na cha kwake hakiyumbi. Kumbe ana shahada ya hisabati. Aliisomea ndani ya gari akinisubiri nje ya mikutano. Kiyoyozi kilikuwa cha kampuni na muda ulikuwa wangu, kwa hiyo nusu ya shahada ile kwa haki ni mali yangu. Bado ananiita bosi. Nashuku ni kejeli.

Jumanne, 3 Juni

Mwalimu Mlezi ni mama mmoja mwembamba, miwani shingoni, miaka thelathini na moja kazini, haongei mpaka awe amemaliza kukutazama. Ametutajia yanayotakiwa ndani ya faili: maandalio ya masomo, orodha ya zana, na azimio la kazi, nakala tatu. Akauliza kama sote tunajua azimio la kazi ni nini. Dereva akaitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia, tena kwa nguvu zaidi. Mlezi akasema kuuliza si ujinga. Alikuwa ananiangalia mimi. Kwa nini mimi?

Jioni mke wangu alikuwa mezani na lundo la karatasi za wanachuo wake. Swali likanifika kwenye ulimi. Nikalimeza pamoja na chai. Mshauri wa bodi haulizi vitu vya darasani.

Na kuna nini cha kuuliza? Azimio ni azimio. Mikutano hutoa maazimio. Vyama hutoa maazimio. Ni tamko la mtu la yale aliyoyakusudia. Wanataka kujua mtu ana malengo gani, na katika malengo hawajakutana na mtu kama mimi.

Jumatano, 4 Juni

Nimeandika azimio. Kurasa tatu, bila kunyanyua kalamu. Hapa naweka kiini chake.

Moja, naazimia kupata leseni ndani ya wiki mbili. Mbili, naazimia kuwa mkuu wa idara ya hisabati kabla ya mwaka kwisha, na mkuu wa shule kabla ya mitatu. Tatu, naazimia kuona Mwalimu Mlezi anapumzishwa kwa heshima zote, maana amechoka. Nne, naazimia Dereva, ambaye ana kipaji cha kweli cha kuendesha magari, arudishwe kwenye kipaji chake. La tano nililifuta mara mbili nikalirudisha. Naazimia mke wangu aniheshimu tena.

Wakubwa hupenda mtu anayesema ukweli wake.

Dereva alipita nyuma ya kiti changu akachungulia. Baadaye akanivuta pembeni, karibu na pipa la maji, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anavyofahamu yeye, azimio la kazi ni ile karatasi ya wiki kwa wiki. Nikamwambia aangalie barabara yake. Akasema sawa bosi. Wivu! Ameona kurasa tatu zimejaa, akaingiwa na baridi.

Alhamisi, 5 Juni

Kidato cha pili B. Somo: asilimia. Nilisahau maelezo yangu yote kwenye meza ya nyumbani, chini ya bakuli la sukari. Dasta imepotea. Mlezi amekaa nyuma kabisa na daftari lake. Wanafunzi hamsini na wawili wananitazama. Wameshanipa jina: Mwalimu Bima.

Msichana mmoja wa mstari wa dirishani akanyoosha mkono. Akauliza, kama mimi ni mtu wa bima, mbona nyumba ya bibi yake ilipoungua walikatwa asilimia arobaini, na ndani ya ile iliyobaki wakakatwa tena. Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Kwa kuwa sikuwa na kingine cha kusema, nikamweleza. Nikachora nyumba ubaoni. Nikaonyesha uchakavu unavyohesabiwa, kwa nini paa hukatwa zaidi ya ukuta, na kwa nini asilimia ishirini juu ya asilimia arobaini si sitini. Nikaonyesha jinsi kampuni inavyochagua ianze kukata wapi. Hawakupiga kelele. Walinakili bila kuambiwa. Kengele ililia na hakuna aliyesimama. Kijana mmoja akauliza mtu anaweza kupinga makato hayo kwa karatasi gani, nami nikamtajia karatasi.

Nililikumbuka lile faili la bibi. Ukuta wa nyuma, jiko la mkaa. Ile arobaini niliiweka mimi, siku ya Ijumaa, nikiwa na haraka ya kutoka. Sikumwambia yule msichana. Roho iliniuma mpaka saa tisa.

Mlezi alinifuata kwenye korido. Akasema hilo ndilo somo, nilirudie hivyohivyo mbele ya Mkaguzi. Nikamshukuru. Mama wa watu, macho yameanza kufifia. Kipindi kizima kimepotea kwa mambo yasiyo kwenye kitabu, tena siri za kampuni! Mkaguzi anataka mambo yaliyonyooka.

Ijumaa, 6 Juni

Nimelipeleka azimio kwa wakili likapigwe muhuri. Wakili akasoma, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia kazi yake ni muhuri. Mihuri mitatu, myekundu, nakala zote. Ya Dereva haitakuwa na muhuri hata mmoja.

Jumapili, 8 Juni

Nyumbani siku mbili. Mke wangu hajainua kichwa tangu jana asubuhi: rula, vitabu, kompyuta ya watoto, mashine ya kuchapa inakoroma. Jana aliniuliza, kama jambo la kupitisha muda, kidato cha pili kwenye hiyo shule ninayoishauri wamefikia mada gani. Nikasema asilimia, kisha faida na hasara, nadhani, mimi nashughulika na mambo ya juu. Akaandika kitu. Chakula cha mchana nikapasha mwenyewe. Kazi ya hawa watu haina mwisho wala shukrani. Nilimwonea huruma.

Jumatatu, 9 Juni

Hujuma! Nimefungua droo yangu chumba cha walimu, nikakuta faili langu limeguswa. Ndani yake mtu ameingiza karatasi nane zilizochapwa, majedwali matupu. Wiki, mada, idadi ya vipindi, zana, rejea, na mwisho safu nzima imeandikwa "maoni" na haina maoni hata moja. Hakuna sentensi kamili mwanzo mpaka mwisho. Inafanana na ratiba ya mabasi. Juu wamebandika jina langu, ili Mkaguzi akifungua aone nimeleta ratiba ya mabasi.

Sikuhitaji mpelelezi. Asubuhi nilimwona Dereva akisogea kutoka kwenye droo hiyo, akaona haya, akasema za asubuhi bosi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dasta bado haijaonekana. Nikaingia nazo darasani zile karatasi nane nikafutia ubao wiki nzima ya asilimia. Zilifuta vizuri. Karatasi nzito.

Nami nimejibu mapigo. Barua ya Mkaguzi imefika: anakuja Jumatano saa mbili. Nimeifikia kabla ya Dereva nikamwambia ni Alhamisi.

Jumanne, 10 Juni

Mazoezi. Nimechagua wanafunzi sita wenye sauti, nikawabakiza wakati wa michezo, kila mmoja jibu lake. Wa kwanza: "Ni sehemu ya mia." Wa pili: "Tunagawa kwa mia." Wa tatu: "Ishirini na tano." Wa nne: "Asilimia kumi na mbili na nusu." Wa tano: "Hapana mwalimu, hiyo ni hasara." Wa sita anasimama mwisho na kusema: "Sasa nimeelewa, mwalimu, asante." Huyu wa sita ana machozi ya karibu, nimemwambia akiweza atoe moja.

Wanajibu kwa mpangilio, moja hadi sita, hata wasiposikiliza swali. Hapo ndipo penye usalama. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, wanasema. Mimi mgongo wangu mbovu, nimetumia ufagio.

Yule msichana wa dirishani aliniuliza tutarudia lini mambo ya nyumba iliyoungua, bibi yake anataka kujua. Nikamwambia baada ya ukaguzi.

Jumatano, 11 Juni

Naandika hata suti sijavua.

Dereva alikuwa shuleni saa moja kasoro, amekaa, shati limepigwa pasi. Hakusema lolote kuhusu Alhamisi. Nilisahau kwamba mtu huyu kwa miaka minane amekuwa akifika mahali kabla ya kila mtu na kusubiri.

Somo lake lilitangulia. Akabingirisha tairi kuukuu mpaka darasani, wanafunzi wakalipima kwa kamba, wakatafuta kipenyo, wakabishana. Mkaguzi, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa, akainuka akashika kamba mwenyewe.

Mimi nikafuata. Nikasalimia. Nikaandika tarehe. Ndipo Mkaguzi, kwa ukarimu tu, akamuuliza kijana wa mbele jana walijifunza nini. Kijana huyo alikuwa wa kwanza kwenye mpangilio. Akasimama: ni sehemu ya mia. Mkaguzi akatabasamu, akamgeukia wa pili akamuuliza anaitwa nani. Tunagawa kwa mia. Mkaguzi akavua miwani. Nikajaribu kumwashiria wa tatu akae, akaona ni ishara ya kusimama. Ishirini na tano! Mkaguzi akauliza, umri wako? Wa nne akadakia: asilimia kumi na mbili na nusu. Nikasema jamani tulieni. Hapana mwalimu, hiyo ni hasara. Ubaoni kulikuwa na tarehe tu. Wa sita akainuka, akasema sasa nimeelewa, mwalimu, asante, na chozi likamtoka, moja, kama nilivyomwagiza.

Walicheka mpaka darasa la jirani wakaja dirishani. Yule msichana peke yake hakucheka. Alikuwa amefungua daftari, anasubiri nianze.

Kisha ofisini: Mkaguzi, Mlezi, Dereva, mimi. Faili. Nikasema moyoni, hapa ndipo nitakapojiokoa. Mkaguzi akafungua ukurasa wenye muhuri mwekundu. Akasoma kimya, akarudi mwanzo, akasoma kwa sauti. La kwanza. La pili. La tatu, na Mlezi akatazama mikono yake. La nne, na Dereva akatazama dirisha. Akafika la tano. Hilo alilisoma kwa macho tu, akafunga faili taratibu.

Akaniuliza kama hili ndilo azimio langu la kazi. Nikasema ndiyo, na lina muhuri wa wakili.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Sasa wiki ya tatu ya muhula, wanafunzi wako watasoma nini?"

Azimio la kazi, kumbe, ndiyo ile karatasi inayosema hivyo. Wiki, mada, vipindi, zana, rejea. Majedwali. Mlezi akasema kwa upole kwamba Jumatatu aliliona azimio zuri sana kwenye faili langu, limekwenda wapi? Nikasema sifahamu. Mikono yangu ilikuwa na vumbi la chaki mpaka kwenye viwiko.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeanguka. Barua fupi, mistari mitatu. Mmoja zaidi ya ile ya bima.

Dereva amepita. Alikuja kwenye meza yangu na kunishukuru! Akasema bila ile mikutano yangu mirefu asingepata nafasi ya kusoma. Hakuwa anakejeli. Ningependa sana awe anakejeli. Nikamuuliza kwa nini aliniwekea zile karatasi. Akasema alitumwa, na aliyemtuma ataniambia mwenyewe akipenda.

Nikafika nyumbani. Nikaanza kumwambia mke wangu kwamba bodi imesitisha ushauri. Aliweka kalamu chini.

"Nimefua chaki kwenye nguo zangu miaka ishirini na miwili," akasema. "Ulidhani kwenye suti yako sitaijua?"

Alijua tangu siku ya kwanza. Siku ile ya wakili, Dereva alimpigia simu: shemeji, bosi anakwenda kujiaibisha. Lile azimio la majedwali aliliandika yeye. Jumamosi nzima, Jumapili nzima, mimi nikipasha chakula na kumwonea huruma. Alimpa Dereva aliweke kwa sababu alijua kutoka mkononi mwake nisingelipokea.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Ningekuonyesha hapahapa mezani, dakika kumi."

Akaniuliza lilikuwa na kasoro gani. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mwalimu anayetaka kujua alikosea wapi. Nikashindwa kumwambia nimelifutia ubao. Niliona haya hadi masikio yakawaka. Nilitaka kusema samahani, mke wangu, mimi ni mjinga na nimekuwa mjinga kwa muda mrefu. Nikasema chai imepoa. Akaenda kuipasha.

Jumamosi, 14 Juni

Nimelala vizuri. Akili imetulia, na sasa nayaona mambo kwa upana wake.

Tatizo halikuwa azimio. Tatizo ni njama. Mke na dereva wanapigiana simu kumhusu mtu, wanaandikiana majedwali, wanapitishiana kwenye droo, na mhusika haambiwi. Katika mazingira hayo nani angefaulu?

Asubuhi mke wangu ametoka, ameniachia fomu ya chuo mezani. Ameijaza yote kwa mwandiko wake: jina langu, tarehe ya kuzaliwa, shahada, hata namba ya viatu vya michezo. Pamebaki pa sahihi tu. Ameandika na kikaratasi: amemwomba mwenzake achukue darasa la mwaka wa kwanza, ili nisikae mbele yake nikaona aibu. Mwisho wa kuirudisha ni leo saa sita.

Ni mwanamke mwema. Sijawahi kulipinga hilo.

Lakini nimesoma tangazo gazetini. Wanatafutwa wakaguzi wasaidizi wa shule. Sifa: shahada, umri wa utu uzima, na uzoefu wa mazingira ya shule. Hawajasema uzoefu wa muda gani. Mimi ninao wa siku tisa! Leseni ya kufundisha haikutajwa popote. Miezi miwili tu, halafu nitaingia ile shule na mkoba mkubwa, nitakaa nyuma ya darasa la Dereva, nami nitavua miwani. Itabidi ninunue miwani.

Barua lazima iende leo. Nimetafuta nyumba nzima karatasi safi, hakuna, mashine ya kuchapa ilizimaliza zote wiki iliyopita. Nimeona fomu ya chuo upande wa nyuma ni mweupe kabisa. Nimeandikia hapo. Wino unapenya kidogo tu, pale alipoandika jina langu.